Klachi Tatu kwa Mwaka, na Mguu wa Mama Yangu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, naishi Lizaboni hapa Songea, nauza mahindi na maharage. Watoto wangu wawili wako shule za bweni. Mume nilikuwa naye.

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma mpelekeeni mama yangu, mimi sistahili. Naandika kwa sababu kuna wanaume wenye mdomo mkubwa kuliko akili, na kuna wanawake kama mimi wanaouamini mdomo huo.

Mama yangu anakaa Maposeni. Ana ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Mwaka juzi alijikata na jembe shambani, kidole gumba cha mguu wa kulia, na kidonda kikagoma kupona. Kikawa kidonda ndugu. Daktari aliniambia bila kuzunguka: kisafishwe hospitali mara tatu kwa wiki, msiruke hata siku moja, la sivyo mguu utaondoka.

Mara tatu kwa wiki... kwa mtu asiyeweza hata kutembea hadi barabarani!

Ndipo niliponunua gari. Lilikuwa dogo, limechoka, la gia za mkono, lakini lilikuwa langu. Nikasomea udereva, nikapata leseni. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mchana nilikwenda Maposeni, nikampakia mama kiti cha mbele, nikampeleka kusafishwa kidonda. Baada ya miezi minne daktari akasema nyama mpya imeanza kuota. Mama akarudi nyumbani siku hiyo anaimba.

Sasa niwajulishe kwa mume wangu, Kastori. Zamani aliendesha lori la mbao. Lori likauzwa, yeye akabaki na cheo. Alikuwa hajashika usukani wa kazi kwa miaka saba, lakini ukimkuta kijiweni utadhani yeye ndiye aliyewafundisha Wajapani kuunda magari. Breki ya mkono, kwake, ni ya wanawake. Mwanaume anabalansi! Yaani gari liko mlimani, mguu mmoja nusu kwenye klachi, mwingine kwenye mafuta, gari halirudi nyuma wala haliendi mbele, na yeye ananyoosha shingo kama jogoo aliyepanda juu ya banda. Hiyo ndiyo elimu yake yote hapa duniani.

Jioni alikuwa akilichukua gari langu, eti analizungusha kidogo lisilale. Mimi nikaona mume ananisaidia.

Mwezi wa tano tangu nilinunue, klachi ikaisha. Gari linanguruma, haliendi, harufu ya kuungua imejaa hadi barazani. Kastori akamleta fundi wake, mnywaji mwenzake wa pombe ya komoni. Yule fundi hakumaliza hata kufungua, tayari ameshatoa hukumu: mguu wa mama mwenye gari, yaani mimi. Kastori akanisomea mashtaka mbele ya majirani. Klachi nzuri inakaa miaka mpaka mwenye gari anaisahau, akasema, lakini wewe umeimaliza kwa miezi mitano, unaikanyaga kama cherehani.

Chuoni nilifundishwa kuondoa mguu kwenye klachi, na nilikuwa nauondoa. Najua nilikuwa nauondoa! Lakini mwanaume amesema, fundi ameitikia, majirani wamecheka... nikaona aibu, nikaamini. Akachukua ufunguo. Akasema tangu leo mama mkwe nitampeleka mwenyewe, wewe baki na magunia yako.

Na mimi nikamshukuru. Wasomaji wenzangu, nilimpigia hadi goti.

Hapo ndipo ulipo upumbavu wangu, na siufichi. Sisi ni Wangoni. Mama yangu ni mtu wa zamani, na kwa watu wa zamani mama mkwe na mkwewe wana mipaka. Hawakai pamoja, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Mama akimwona mkwe anakuja njiani, anaingia hata kwenye miiba ili ampishe. Mtu huyo aketi peke yake garini na mume wa binti yake? Ashikwe mkono kuteremshwa, na kidonda kikiwa kinanuka? Afadhali afe. Nilikulia katika nyumba ile, nilijua vizuri kabisa. Nilijifanya nimesahau kwa sababu sokoni kulikuwa na wateja.

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Kastori alirudi jioni akijifuta jasho, akaniambia mama nimempeleka. Jumapili baada ya misa nilipanda basi kwenda Maposeni. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, kitenge miguuni, bandeji nyeupe kabisa. Nikimuuliza, anasema tunakwenda mwanangu, mkwe wangu ananitunza. Nikimwomba niangalie kidonda, anasema daktari amekataza kufungua. Nilinusa kitu. Nikajiambia ni dawa.

Baada ya miezi minne klachi ya pili ikaungua. Nikamuuliza Kastori, mbona mimi siendeshi tena? Bingwa akajibu kwamba gari likishazoeshwa mguu mbaya haliachi. Gari lina tabia kama mtoto! Na mimi, mwanamke mzima ninayeweza kukadiria gunia la mahindi kwa macho, nikatikisa kichwa kukubali.

Katika siku hizo mpangaji wetu wa chumba cha uani, binti anayeitwa Flora, akapata leseni ya udereva. Nilifurahi kweli. Nikachinja kuku, nikampikia wali, nikamwita mezani kama mdogo wangu. Nikamuuliza nani kakufundisha. Akasema kaka yangu. Kastori alikuwa pale pale, anatafuna paja la kuku, hapepesi hata jicho.

Flora akasema leseni si kitu, bado milima inamshinda, itabidi aendelee na mazoezi. Kastori akamuunga mkono. Na mimi nikamwombea dua!

Klachi ya tatu ikaungua Kastori akiwa anajiandaa kwenda Nakapanya kwa msiba wa rafiki yake wa malori. Akaniambia nisiliguse gari hadi arudi, akaondoka. Lakini ilikuwa Jumatano, siku ya kidonda. Nikamwita fundi mwingine, Issa, Myao wa Tunduru, kijana mpole mwenye gereji yake jirani na soko. Akanisalimia shikamoo, akaingia chini ya gari. Baada ya muda akatoka na pleti ya klachi mkononi, nyeusi, imepasukapasuka.

"Mama, hapa nyumbani nani anajifunza gari?"

Nikamwambia hakuna. Wanasema mimi ndimi niliyekuwa naziunguza klachi, lakini sijaendesha miezi saba.

Issa akanyanyua ile pleti niione. "Hapana mama. Klachi haina umri, ina mguu. Mwenye mguu mwepesi anatembea nayo miaka, hata anauza gari ikiwa bado nzima. Hii haijaliwa na safari. Imeunguzwa mlimani, gari limesimama, mtu anafundishwa kubalansi." Akainama, akafuta mikono kwa kitambaa. "Wallahi sipendi kuvunja nyumba ya mtu, lakini Mwenyezi Mungu ananiona. Gari hili nakutana nalo kule mlimani, njia ya Matogoro. Binti yuko kwenye usukani, mzee wako kakaa pembeni, mkono gotini kwa binti."

Nikamuuliza siku gani.

"Jumatatu. Jumatano. Ijumaa."

Mtasema nililia kwa ajili ya mume. Wala! Flora hakunipitia hata akilini. Nilihesabu siku. Kama gari lilikuwa Matogoro, mama yangu alikuwa wapi?

Issa alipomaliza nikachukua ufunguo, nikaendesha mwenyewe hadi Maposeni. Mama aliposikia gari alijivuta kuelekea chumbani, akidhani ni mkwe. Nikamshika begani, nikakaa chini, nikaifungua ile bandeji kwa nguvu huku akinisihi nisifungue. Bandeji ilikuwa nyeupe kwa sababu alikuwa anaifua mwenyewe kwa sabuni ya mche, anaianika nyuma ya jiko, anaifunga tena. Chini yake vidole viwili vilikuwa vyeusi kama mkaa.

Njiani kwenda hospitali ndipo aliponieleza. Siku ya kwanza Kastori alifika akapiga honi. Mama akaona haya, akajificha ndani. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, Kastori hakushuka, wala hakumtuma mtu amwite. Baada ya hapo hakuonekana tena. Nikamuuliza, mama, mbona ulinidanganya kila Jumapili? Akasema, "Mkwe hasemwi vibaya, mwanangu. Ningekuvunjia nyumba."

Mguu ulikatwa chini ya goti wiki ile ile. Daktari hakunigombeza. Aliuliza tu mlikuwa wapi.

Kastori aliporudi kutoka msibani alikuwa na utetezi ameuandaa safi. Eti mama mwenyewe alikataa kupanda, yeye ni nani amlazimishe mkwewe? Eti alimheshimu! Mtu mwenye mke, majirani, simu mfukoni, ameshindwa kusema sentensi moja tu: mke wangu, mama hapandi, nenda wewe. Aliona mwanya katika mila ya mama yangu, akaugeuza ratiba ya kubembeleza goti la mpangaji. Huyo si shetani, shetani ana akili. Huyo ni mtu mdogo tu. Nilimtolea nguo zake uani, na Flora akamfungashia zilizobaki chumbani kwake, wakahama pamoja.

Flora alimchoka kabla mvua hazijaanza. Nasikia bingwa bado yuko kijiweni, anafundisha watu klachi inavyotunzwa.

Mwezi uliopita alikuja na wazee wawili kuomba yaishe. Mama sasa anakaa kwangu. Alikuwa sebuleni, gongo lake la kutembelea liko mbali. Alipoisikia sauti ya Kastori uani alishuka kwenye kiti, akaanza kutambaa sakafuni kwa mikono na magoti, anahema, awahi chumbani mkwe asimkute. Nilisimama mlangoni nikamwona. Wale wazee nao walimwona, wakatazama chini. Kastori peke yake ndiye aliyeendelea kuongea.

Niliwaambia wazee waende naye, wasirudi tena na mzigo huo mlangoni kwangu.

Gari naendesha mwenyewe sasa, na klachi ya Issa haijaniambia chochote hadi leo. Lakini msinipongeze. Wewe mwenye mama mgonjwa kijijini, ukiambiwa na mtu yeyote "nimempeleka", awe mume, awe kaka, awe katekista... usimshukuru kwanza. Panda basi, nenda siku ya katikati ya wiki. Mama atakuambia yuko salama, kwa sababu mama zetu ndivyo walivyofundishwa kusema. Msalimie, umwombe radhi, halafu fungua bandeji.