Mteja wa Yogati Isiyo na Sukari

Siku ya soko, Busia haina adabu. Mikokoteni ya nyanya inakugonga visigino, wabadilishaji pesa wanakuita kwa majina yasiyo yako, na malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda yanapiga honi hata pale ambapo hakuna wa kuyapisha. Katikati ya makelele hayo Akwii alikuwa ameinama mbele ya friji ya kibanda chake, gauni la kitenge cha kijani limefunikwa kwa aproni nyeupe, akipanga vikopo vya yogati. Ndipo mwanamume mmoja alipoingia kinyumenyume akikwepa mkokoteni, akamgonga, nusura wote wawili waingie kwenye friji.

"Woi! Pole dada. Pole sana. Umeumia?"

"Mimi niko sawa. Uliza friji."

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shati la zambarau lililopigwa pasi vizuri, ila vifungo vya tumboni vilikuwa vinaomba msaada. Shingoni alining'iniza kitambulisho cha wakala wa forodha. Alinukia vizuri. Akwii hakuwa mtu wa kubabaishwa na mashati, lakini alijikuta akiweka sawa kitambaa chake cha kichwa.

"Kwa vile nimekugonga, wacha ninunue kitu. Nipe ya stroberi."

"Sina."

"Ya vanila?"

"Hapa ni plain peke yake, boss. Haina sukari, haina rangi."

Mwanamume akakiinua kikopo, akakichungulia. "Hii si ni maziwa imekasirika?"

"Ikiona watu wanagonga watu, inakasirika zaidi."

Alicheka mpaka kitambulisho kikaruka kifuani. Kisha akashusha sauti. "Kusema ukweli, hii ndiyo niliambiwa nitafute. Nimeambiwa wanga niache. Ugali, chapati, mandazi, soda, zote. Nasimamia rafiki yangu harusi, na suti imekataa kufunga."

Jina lake Wesonga, mtu wa Sio Port. Kazi yake ilikuwa kupitisha mizigo ya malori pale Malaba, ingawa tangu siku hiyo mizigo yake ilianza kuwa na shughuli nyingi za ajabu huku Busia. Kesho yake tu alirudi na malalamiko.

"Dada, nimeikula yote. Nilifunga macho kama mtoto anapewa dawa ya minyoo."

"Na nani alikuambia ukunywe kama uji?" Akwii akaweka mikono kiunoni. "Kwenu si kuna omena, dagaa wa ziwa? Kaanga mpaka ilie kwa meno, kamulia ndimu. Chukua yogati, tia tango imekwaruzwa, dhania, kitunguu saumu na chumvi kidogo. Chovya hapo. Ugali utaisahau."

"Nisahau ugali? Mimi, Mluhya?"

"Basi uikumbuke ukiwa mbali nayo."

Akaenda, akajaribu, akapiga simu na mdomo bado umejaa. Baada ya hapo simu hazikukatika. Asubuhi alitaka kujua kama parachichi na njugu vinaelewana na yogati. Mchana aliuliza mambo ya mdalasini. Na jioni moja, Akwii akiwa anahudumia wanawake watatu kutoka ng'ambo, simu ikalia.

"Malkia wa mtindi, kuku nimeiloweka kwa yogati tangu jana. Sasa?"

"Sasa weka kwa jiko."

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Mimi pia nimelowa tangu ile siku ya friji."

Akwii alikata simu haraka kwa sababu wateja walikuwa wanamtazama akitabasamu peke yake. "Nyabo, huyo ni mume?" mmoja akamwuliza. "Bado," Akwii akajibu, kisha akalishangaa jibu lake mwenyewe.

Alimpenda, basi. Alipenda anavyokula kwa sauti, anavyosalimia wapagazi wote kwa majina, anavyobeba ndoo za maziwa za kibanda bila kuombwa huku viatu vyake vya ngozi vikiharibika. Vifungo vya shati vilianza kupumua. Harusi ya rafiki ikafika, suti ikafunga, ikapita. Lakini Wesonga bado hakugusa ugali.

"Harusi si imeisha? Kula chapati moja, hakuna mtu atakushtaki."

"Nimezoea tu hivi, mpenzi." Akageuza uso, akaanza kuisifu rangi ya sahani.

Akwii aliliona hilo, akaliacha lipite. Mtu akipenda huacha mengi yapite.

Kisha baba yake, mzee Omoding, akatuma neno kutoka Adungosi: huyo anayesikika kwenye simu kila siku aletwe aonekane.

Kwa Wateso, watu wa kina Akwii, mgeni wa maana haishii kupewa kiti. Anaketishwa kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayomiminiwa maji moto, na wazee hukizunguka kila mtu na mrija wake mrefu. Chungu hicho kina heshima zake, na Akwii alimfundisha zote kwenye simu. Mrija unashikwa kwa mkono wa kulia. Hupigi chafya ukiwa nao mdomoni. Huuchungulii. Na kubwa kuliko yote, hupulizi, kwa maana anayepuliza chungu ni kama ametia kitu kibaya ndani yake, au anashuku wenyeji ndio wametia.

"Hiyo ni rahisi," Wesonga alisema. "Mimi si mtoto."

Alifika Adungosi na shati jeupe na suruali nyeusi, kiatu kinang'aa licha ya vumbi. Akwii alivaa gauni la manjano lenye marinda. Alipotoka jikoni na bakuli la kuku, alimwona ameketi kati ya wazee, mrija mkononi, mashavu yanakwenda ndani na nje. Moyo wake ukajaa furaha. Huyu ni wangu, akajisemea, na amekaa vizuri.

Ndipo chungu kikasema: buluu, buluu, buluu.

Povu lilipanda mpaka ukingoni. Mzee Ejoku, mdogo wake baba, akauchomoa mrija wake, akaufuta taratibu, akauweka kando. Wa pili akauchomoa. Wa tatu. Hakuna aliyemtukana. Mzee Omoding alisema tu, kwa upole, "Mgeni amechoka. Asindikizwe barabarani." Akwii aliona heri wangemfokea.

Barabarani, wakingoja bodaboda, Akwii alimgeukia. "Uliogopa sumu?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana."

"Basi ni nini?"

Wesonga akapangusa vumbi la kiatu. "Tumbo ilikuwa imejaa."

"Unanidanganya hata sasa." Akwii akainua mkono kusimamisha bodaboda. "Umepulizia wazee wangu kwa uso, na bado unanidanganya. Usinipigie simu."

Akapanda bodaboda ya kwanza, marinda ya manjano yakipeperuka nyuma, na hakugeuka kwa sababu alikuwa analia.

Wesonga alipiga simu. Akwii aliiacha ilie. Wesonga akamtuma Emong, mwendesha bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wake. "Boss anataka vikopo sita."

"Mwambie yogati imeisha."

Emong akaitazama friji iliyojaa. "Nimwambie imeisha, na mimi naiona?"

"Mwambie haiuzwi kwake."

Akwii alifikiri kufanya hivyo kungempoza moyo. Hakukupoza lolote. Kila alipochemsha maziwa alimkumbuka, na maziwa yakamwagika jikoni. Alijua pia kwamba baba yake akishakataa, yeye hatatoroka kwao usiku kama mwizi. Bila Adungosi, hakuna Wesonga. Na Adungosi ilikuwa imefuta mirija.

Simu ikalia tena, namba ngeni. Akapokea.

"Usikate," sauti ya Wesonga ikasema upesi. "Nimeomba simu ya dereva. Akwii, niuzie hiyo yogati. Si ya suti. Suti ilikuwa kisingizio."

"Ni ya nini basi?"

"Ni ya sukari."

"Haina sukari, unajua."

"Sukari ya damu. Mimi niko nayo. Daktari alinipimia chakula, wanga kidogo sana. Ajono ni wimbi, wanga tupu. Nilisema nitashika mrija nijifanye nakunywa. Nikabana pumzi. Mzee Ejoku akaniangalia, nikashtuka, pumzi ikatoka."

Akwii akakaa kwenye kreti. Alitaka kucheka na alitaka kumpiga.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kuna msichana nilimwambia. Alisema hawezi kuolewa akuwe nesi. Nikaogopa na wewe utaniona mgonjwa."

"Kwa hivyo uliona heri nifikirie unaogopa sumu kwetu, kuliko nijue uko na sukari?"

"Ndiyo."

"Wesonga, wewe ni mjinga."

"Ndiyo."

"Sema tena."

"Mimi ni mjinga, mpenzi."

Akwii akajifuta macho kwa aproni. "Mimi nimekusamehe nusu. Nusu ingine iko Adungosi, na mimi siwezi kukusemea."

Walikwenda Jumapili baada ya kanisa. Wazee walikuwepo, chungu kilikuwepo, lakini mrija wa mgeni haukuwepo. Wesonga hakungoja kiti. Alisimama mbele yao, jasho linamtoka kwenye kola, akasema yote: sukari, daktari, pumzi, buluu. Mama Apeduno, mama yake Akwii, alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mzee Ejoku alimsikiliza mpaka mwisho. "Kijana, nani angekulazimisha? Unasema mimi sinywi, unashika mrija, unakaa na sisi. Hata padri hukaa hapo ulipo na mrija mkavu. Lakini wewe ulidanganya chungu."

"Ni kweli, mzee. Nilidanganya chungu, na nilidanganya binti yenu."

"Yeye ndiye ulianza naye," mzee Omoding akasema. "Sisi tulikuja nyuma. Yeye akikubali, sisi tumekubali. Muulize, tusikie."

Wesonga akageuka. "Akwii. Utaolewa na mimi, na hii sukari yangu?"

Akwii alikuwa amelingoja swali hilo tangu siku ya friji. Lakini yeye pia alikuwa na lake.

"Asubuhi ya leo ulipima?"

"Nilipima."

"Ilikuwa ngapi?"

Wazee wote waliinama mbele kusikia. Wesonga alimtazama baba, akamtazama Ejoku, akautazama mwiko wa Mama Apeduno. Akwii aliliona lile jibu la zamani likimfikia mdomoni, kama lile la "nimezoea tu hivi", akaogopa kweli.

"Kumi na moja," Wesonga akasema. "Ilipanda. Jana nilikula chapati mbili. Nilikuwa na mawazo sana."

Mzee Ejoku aliangua kicheko mpaka akashika magoti, na wengine wakafuata. Akwii hakucheka. Alimwendea mbele ya wote, akamshika mkono, na mkono ulikuwa umelowa jasho.

"Nimekubali," akasema. "Lakini hizo chapati tutaziongelea."