Fatouma Alianguka Njiani

Kila asubuhi, Fatouma alifunga mlango wake mjini Muyinga, akasema bismillahi, akaketi nyuma ya baiskeli ya jirani yake. Jirani huyo aliitwa Gervasi. Alikulia Tanzania, akarudi Burundi na wazazi wake, na sasa aliishi kwa kubeba abiria. Alimpeleka Fatouma kwenye karakana ya kushona sare za shule.

Fatouma alikuwa fundi hodari. Kola zake zilisifiwa mpaka Gitega, kwenye ofisi kuu ya kampuni. Na tuseme kweli, sifa hizo alizistahili.

Siku moja ya mvua, kwenye mteremko karibu na karakana, mbuzi alikatiza barabara. Gervasi akamkwepa. Baiskeli ikateleza, wote wawili wakaanguka juu ya mawe. Gervasi alichubuka magoti tu. Fatouma alivunjika mkono wa kulia.

Gervasi alimsaidia kuketi, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Nadia, polisi wakisikia watanichukulia baiskeli. Watoto wangu watano wanakula kwa baiskeli hii."

"Nyamaza, Gervasi. Mi sitakutaja."

Hospitalini muuguzi alimwuliza ameumiaje.

"Nilianguka ku nyumba," Fatouma alijibu. "Nilikuwa nabeba maji."

Muuguzi akaandika hivyo hivyo.

Katika mtaa wao, jirani hapelekwi polisi. Aliyekosa huja na sukari, watu wanakunywa chai, wanasameheana. Gervasi alileta kilo mbili. Abubakari, mume wa Fatouma, akaipokea, na maneno yakaisha.

Lakini shida ya mkono haikuisha. Plasta ilipotolewa, vidole vilikataa kukunjika. Daktari alisema mkono unahitaji matibabu ya mazoezi kwa miezi kadhaa. Bila hayo, Fatouma hatashika tena sindano. Akiba ya nyumbani ilikuwa imekwisha kwa dawa. Fatouma alilia sana. Maumivu aliyazoea, lakini kazi yake aliipenda.

Ndipo akaja Kadidja kumjulia hali. Kadidja alikuwa deleget, yaani mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake awasemee kwa tajiri wao. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na hapitwi na kitu.

"We Fatu," alisema, "maji gani ulibeba ile asubuhi? Saa ile unakuwaga umeshatoka kwako."

Fatouma aliinama. Kisha akamweleza yote.

"Kumbe! Basi hii iko ajali ya kazi."

"Kazi gani? Mi sikuwa hata ku mashine. Nilikuwa njiani."

"Njia nayo iko ndani! Ukitoka kwako kwenda kazi, ao ukirudi, ukiumia, sheria inahesabu kama umeumia ku kazi. Patron, tajiri wetu, anatangaza ajali ku INSS, ule mfuko wa bima ya wafanyakazi, kule anatulipiaka mchango. Wao ndio wanasaidia matibabu, na siku zenye haukufanya kazi."

"Hata kama nilisimama mahali?"

"Hapana. Ukiacha njia ukaenda ku mambo yako, hapo iko shida. Nyinyi mulipita wapi?"

"Moja kwa moja. Hata ku soko hatukufika."

"Bon, ni vizuri. Lakini ulipaswa kuniambia ile ile siku. Ajali inatangazwaka haraka. Na sasa karatasi ya hospitali inasema ulianguka kwako. Nani alikuona?"

"Gervasi peke yake. Na mi nilimupa neno langu."

"Basi tumwite. Neno hilo, yeye ndiye wa kukurudishia."

Gervasi alipofika na kuuona ule mkono, alishtuka. "Mama Nadia, kwa nini hukuniambia mkono umefika hali hii?" Kisha akamgeukia Kadidja. "Watachukua baiskeli yangu?"

Kadidja hakumdanganya. "Mambo ya polisi siwezi kukuahidi. Mi najua wanaulizaka aliumia wapi, saa ngapi, akienda wapi. Mbuzi alikatiza. Sema alikatiza."

Gervasi aliutazama tena ule mkono. Mwishowe akauliza, "Tunakwenda lini?"

Walikwenda Gitega kwa basi, wote watatu. Gervasi alivaa koti lake la kanisani. Katika ofisi kuu ya kampuni, karani alisoma karatasi ya hospitali, akakunja uso.

"Mama, hapa ulisema nyumbani. Leo unasema njiani. Tukuamini wapi?"

Gervasi akasimama.

"Mama huyu alisema uongo ili mimi nisipoteze baiskeli yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namwendesha, na tulianguka tukielekea kazini. Andika jina langu."

Mimi ninayewasimulia nilipenda sana moyo wa mtu huyu. Alijua anachoweza kupoteza, na bado akasimama.

Karani aliandika tangazo la ajali, akaambatanisha ushahidi wa Gervasi na kulipeleka INSS. Kadidja alifuatilia hospitali mpaka daktari akaandika upya ripoti yake. Mambo yalichukua wiki nyingi, kwa sababu walichelewa na kwa sababu ya ule uongo. Watu wa INSS walikuja kuuliza maswali, wakauona mteremko. Mwishowe ajali ikakubaliwa, na matibabu yakalipiwa. Gervasi naye hakunyang'anywa kitu.

Fatouma alianza mazoezi. Yaliuma, lakini hakukosa hata siku moja. Baada ya miezi minne akarudi karakanani.

Asubuhi hiyo Kadidja alisimamisha mashine zote. "Fatu, waambie wenzako!"

Fatouma si mtu wa hotuba. Aliinua mkono wa kulia. Akakunja vidole, kimoja kimoja, mpaka ngumi ikafungika. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Mukianguka njiani," alisema, "museme njiani. Ile ile siku."

Kisha akavuta kiti, akaanza kushona.