Barua Sitini na Tatu

Foleni ya kujiandikisha ilianzia mlangoni mwa Idara ya Historia, ikateremka ngazi, ikajikunja mpaka kwenye maegesho ya magari. Kila mwaka wanafunzi wakienda likizo, idara hufungua milango kwa wiki sita. Mtu yeyote, awe mstaafu au fundi viatu, huingia kusikiliza mihadhara bila kudaiwa cheti. Kelele ilikuwa ya soko.

Binti mmoja mwenye gauni la rangi ya machungwa alikuwa amebakiza watu wawili kufika mezani. Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu katika kibanda nyuma ya maktaba, na vidole vyake havikuwahi kutakata gundi. Mwanamume mrefu akampita kushoto, moja kwa moja hadi mbele. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kifuani tu, mgongoni limekunjamana.

"Kaka, foleni ina mkia," binti akasema kwa sauti. "Na mkia wenyewe uko kule kwenye magari."

"Dada, mimi sikuja kujiandikisha."

"Wote wanasema hivyohivyo. Rudi nyuma."

Watu wakacheka. Yule bwana akamtazama, akatabasamu, akarudi nyuma kweli. Nusu saa baadaye ukumbi ulikuwa umejaa, watu wanajipepea kwa ratiba, mhadhiri haonekani. Mlango ukafunguliwa, akaingia shati jeupe, jasho linamtiririka.

"Samahanini kwa kuchelewa," akasema kwenye kipaza sauti. "Nilikuwa kwenye foleni."

Binti aliteremka kitini mpaka kikabaki kilemba tu.

Baada ya somo yule mhadhiri alimsubiri binti mlangoni. "Mpelelezi, umeridhika?"

"Ungejitambulisha."

"Ulinipa nafasi?"

Jina la Mpelelezi likamganda. Naye akamwita Mwalimu, mwanzoni kwa kejeli, baadaye kwa sauti nyingine kabisa. Simu zikaanza.

"Umeamkaje, Mpelelezi wangu?"

"Wako tangu lini? Na namba yangu kakupa nani?"

"Uliiandika mwenyewe kwenye orodha ya mahudhurio."

"Orodha ya kazi unaifanyia utongozaji?"

"Naam. Nishtaki."

Alicheka mpaka akajichoma sindano ya kushonea kurasa. Lakini simu ilipokatika alikaa akiitazama. Mtu aliyesoma kiasi kile anataka nini kwa mshona vitabu? Alipoletewa chai kibandani alijiuliza kwa nini. Asipoletewa, alijiuliza pia.

Mimi simlaumu. Babu yake alikuwa mwandishi wa barua. Miaka arobaini alikaa mbele ya posta na meza ndogo, akiwaandikia watu wasiojua kusoma: wanaobembeleza wake waliokimbia, wanaoomba kazi, wanaotangaza msiba. Kila barua aliitolea nakala kwa karatasi ya kaboni, akaipa namba ndani ya duara, akaihifadhi sandukuni. Binti alipokuwa na miaka kumi na miwili, alikuja mtafiti mmoja mwenye tai na maneno matamu. "Wiki mbili tu, mzee wangu, nakurudishia." Akaondoka na barua ndani ya bahasha ya kaki, na hakuonekana tena. Babu alimngoja mpaka siku anakata roho. Neno lake la mwisho la akili timamu lilikuwa, "Yule kijana hajaja?"

Tangu hapo, nyumbani kwao neno mtafiti lilikuwa tusi.

Hata hivyo moyo una ukaidi wake. Wiki ya tano binti alimpeleka Mwalimu kwa mama yake. Mama alimpenda papo hapo, maana alikula akaongeza. Kisha, bila kumuuliza binti, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

"Wewe ni mtu wa historia, baba. Tazama kazi ya mzee wetu."

Akafungua. Upande wa ndani wa kifuniko palikuwa na karatasi iliyobandikwa na Babu mwenyewe: *Hazijarudi. Namba 212 hadi 274.*

Kikombe cha Mwalimu kikasimama njiani. Aliisoma karatasi ile mara mbili, akakiweka chini, asiguse hata barua moja.

"Mama, chakula kilikuwa kitamu mno," akasema. "Naomba niwahi. Nina kikao."

"Jumapili?" binti akauliza.

Mwalimu alikwisha kuvaa viatu. Kwa siku tatu simu haikulia. Mwanahistoria aonyeshwe sanduku la barua za miaka arobaini, akimbie? Binti alishona kitabu kimoja kichwa chini miguu juu, akakifumua, akakosea tena.

Jumatano akaliona bango kwenye ukuta wa maktaba. *Mhadhara wa kufunga shule ya likizo. Mji Uliosema kwa Kalamu Moja: Barua za Mwandishi Asiyejulikana. Ijumaa, saa kumi jioni.* Chini palikuwa na jina la Mwalimu, na picha ya barua ya zambarau iliyofifia. Pembeni mwa barua, ndani ya duara, 230.

Akapiga simu palepale.

"Mia mbili thelathini umeitoa wapi?"

Upande wa pili ukasikika mlango ukifungwa.

"Nakuuliza wewe!"

"Njoo Ijumaa, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Kumbe ulikuja kwetu kufuata zilizobaki. Chai yote ile, matabasamu yote yale, shida yako sanduku!"

"Nitakujibu. Ila Ijumaa."

Akakata. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha huzuni ikaja nayo ikashinda. Alimpenda yule mtu. Hilo ndilo lililomuuma.

"Tutakwenda," mama akasema alipoelezwa. "Uvae vizuri. Mimi siendi kumwaibisha mtu nikiwa na nguo za jikoni."

Ijumaa wakakaa mstari wa mbele, mama na kitambaa chake cha bluu, binti na gauni lilelile la machungwa. Alikuwa ameandika swali lake kwenye kadi, na kipindi cha maswali alikuwa anakingoja kama mgonjwa anavyongoja daktari. Mwalimu akapanda jukwaani. Safari hii shati lilikuwa limenyooshwa mbele na nyuma. Binti akaona, na akalitilia shaka hilo pia.

"Mhadhara mliokuja kuusikia haupo," Mwalimu akaanza. Minong'ono ikapita ukumbini. "Barua nilizokuwa nizisome nilizikuta stoo ya idara yetu, kwenye bahasha iliyoandikwa *mwandishi hajulikani*. Aliyeziacha alishahama nchi. Mwaka mzima nilizisoma nikiamini hazina mwenyewe. Jumapili nimegundua mwenyewe anajulikana. Alikuwa na meza, ana binti, ana mjukuu. Na barua hizi hakuzitoa. Ziliazimwa, hazikurudishwa."

Akainua bahasha ya kaki. Mama akashika kifua.

Binti akasimama kabla ya kipindi cha maswali. Kadi aliisahau kitini.

"Ulijua Jumapili. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba zipo, nitakurudishia? Yule wa kwanza naye aliahidi. Sikutaka kuwa wa pili kuahidi kwenye nyumba ile." "Kamati ilikaa Jumanne ikakataa. Ikakaa jana, ikakataa. Nikawaambia basi nitapanda jukwaani niseme zilivyoibwa. Zimetoka stoo leo saa nne asubuhi. Bango walikataa kulibandua, samahani."

Akashuka, akapiga goti mbele ya mama, akampa bahasha kwa mikono miwili. Mama akaipokea. Akaipitisha kwa bintiye.

Wengine wangemkumbatia. Mpelelezi alikaa akaanza kuhesabu. Ukumbi mzima ukamngoja. Alipitia duara baada ya duara, akinusa kaboni, akipapasa kona za karatasi, machozi yakimdondoka kwenye gauni kwa sababu alikuwa akiyaepusha na barua.

"Sitini na tatu," akasema mwishowe.

Mama akatoa kigelegele, na mstaafu mmoja nyuma akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Watu walipokwisha kutoka, Mwalimu akabaki amesimama na karatasi mkononi.

"Kuna fomu ya kurudisha nyaraka. Idara inaitaka Jumatatu, imejazwa yote. Nafasi moja imenishinda."

Binti akaichukua. Kwanza akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi madogo. Hayakuwapo. Akasoma: *Uhusiano wa mwombaji na familia yenye nyaraka.* Mbele yake palikuwa peupe.

"Ungeandika rafiki," akasema.

"Ningekuwa nadanganya."

"Mtafiti je?"

"Mama yako angenifukuza. Niandike nini, Mpelelezi?"

Alimtazama kwa muda mrefu: macho, mikono, shati. Akamzunguka akautazama mgongo. Pasi ilikuwa imepita kweli. Akatoa kwenye mfuko penseli yake ya kuchorea majalada, akaegemeza fomu kwenye mgongo ule ule, akaandika neno moja.

Mwalimu akalisoma. *Mchumba.* Akaketi kwenye kiti cha karibu.

"Kwa penseli?"

"Wino anao mama. Jumapili, saa tisa," akasema, akiikumbatia bahasha. "Na usichelewe ukaniambia ulikuwa kwenye foleni."