Betri Zote Sita Zilikuwa Zimelazwa

Gari langu lilikuwa linaongoza fainali lilipoanza kufa.

Halikugonga. Halikupinduka. Lilipungua nguvu taratibu, kama mtu anayetaka kuondoka kwenye sherehe bila kuaga...

Nilikuwa juu ya jukwaa la madereva, rimoti mkononi. Klemen akanipita. Akanipita wa pili. Hata yule babu wa mji wa Celje, anayeendesha huku amevaa koti, akanipita.

Dakika ya tano, gari likasimama katikati ya zulia la mbio.

Ndugu msomaji, naitwa Zarja, ni wa hapa mjini Ptuj. Chuo nimemaliza juzi tu. Hadi Jumapili ile, ungeniuliza ninachokipenda duniani ningekutajia viwili: magari madogo ya rimoti, na Jernej.

Jernej alikuwa mchumba wangu. Harusi ilikuwa Mei.

Kazi tuligawana. Mimi naendesha, yeye anachaji.

Magari yetu yanatumia betri ya seli moja tu, bapa kama kipande cha sabuni. Ikijaa ni volti nne na pointi mbili, basi. Ukizidisha inavimba, au inawaka moto hapo hapo mezani. Kwa hiyo mtu wa kuchaji unampa moyo wako wote. Sikuwahi kuchungulia chaja ya Jernej. Niliona kuchungulia ni kumtukana.

Na fainali ile ndiyo tuliyoihangaikia tangu tuanze uchumba. Mshindi anakwenda mashindano ya Ulaya. Tulishapanga kila kitu: Ulaya kwanza, halafu kanisani.

Nikashuka jukwaani, nikaliokota gari.

"Binti, hilo gari limekula krofi ngapi asubuhi?" Mzee Bogomir, jirani yetu wa meza, alinitania.

Alipoiona sura yangu akaacha. Akaweka krofi lake, andazi letu la jamu, pembeni, akachukua kipima volti, akaigusa betri yangu.

"Hii haikujaa," akasema. "Iliyojaa inamaliza dakika nane na inabakiza."

"Lakini meza ya ukaguzi waliipitisha, mzee."

"Wale wanatafuta waliozidisha. Nani ana habari na aliyepunguza?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Jana jioni nilimwona mchumba wako ndani ya gari la Klemen. Wananong'ona. Mimi sisemi kitu."

"Umeshasema, mzee."

Klemen. Mpinzani wangu. Aliyenipita wa kwanza.

Jernej alikuwa amekaa kwenye kona yetu, anakunja waya. Anakunja waya, na mimi ndiyo kwanza nimepoteza Ulaya.

"Klemen kakupa nini?" nikamuuliza.

"Zarja, tutoke nje."

"Nimekuuliza. Kakupa nini?"

"Hajanipa kitu."

"Basi kwa nini umenipa betri nusu?"

Akarudi kwenye waya wake.

Meza za jirani zilishaacha kuchaji, watu wanajifanya wanafuta tairi.

Nikalivuta sanduku la betri. Nilitaka ushahidi. Nilitaka kila mtu pale ukumbini aone nilivyouzwa.

Nikapima ya kwanza. Tatu na pointi nane.

Ya pili. Tatu na pointi nane.

Nikachukua nyingine.

Ya tatu... ya nne... ya tano. Zote sawasawa; ya sita ndiyo ile iliyokuwa garini. Zimefutwa vumbi, kila moja kwenye mfuko wake usioshika moto.

Hapo ndipo nilipoelewa. Naomba na wewe unielewe.

Betri ya namna hii ukiiacha imejaa muda mrefu, inaharibika. Ukiiacha tupu, inakufa. Kwa hiyo ukijua hutaigusa kwa miezi, unaishusha hadi hapo katikati. Kwetu tunaita kuilaza.

Mtu anayetaka kukuhujumu anapunguza betri moja. Halazi zote.

Anayelaza zote ni mtu anayeondoka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Jernej akaacha waya.

"Sweden. Nimepata kazi. Kesho Klemen ananipeleka uwanja wa ndege. Nilimwomba lifti, basi. Yeye anadhani unajua."

"Utarudi Mei?"

Akatikisa kichwa.

"Kuna mwanamke?"

"Hakuna. Afadhali angekuwepo, ungenichukia vizuri." Macho yake yalishajaa machozi. "Yaliisha, Zarja. Sijui lini. Niliamka siku moja nikakuta yamepungua, nikasubiri yarudi... hayakurudi."

"Na ukaniacha nikapande jukwaani?"

"Nilizilaza jana usiku. Niliapa nitakuambia asubuhi kabla ya mbio, nikadhani hutashindana tena. Halafu ukaja na krofi mbili, unaimba. Nikashindwa. Ulipoita 'Jernej, gari,' muda wa kuchaji ulishapita. Nikaweka iliyokuwa juu."

"Ungesema neno moja tu."

"Najua."

"Ningeshindwa mbio, lakini ningejua."

"Najua, Zarja."

Mzee Bogomir akaja na chai ya moto, akaiweka mbele yangu. Hakutania. Nje walikuwa wanapita wakurenti, wale wacheza ngoma wa kanivali waliovaa manyoya, na kengele zao kiunoni, wanafukuza baridi kama kila Februari. Mimi baridi ilikuwa ndiyo inaingia.

Nikavua pete. Nikaiweka ndani ya mfuko mmoja wa betri, nikampa. Hakuikataa. Hilo nalo liliniuma.

Msomaji wangu, sikuandika haya umchukie. Jernej si mwizi wala si muongo wa kuzaliwa. Ni mwoga. Na mwoga anayekupenda kidogo anaweza kukuumiza kuliko adui, kwa sababu adui angalau unamwona anakuja.

Lakini nimejifunza jambo.

Miaka yote niliogopa kuzidisha. Nisiulize sana. Nisidai sana. Nisimkere kwa kuchungulia. Nilikuwa kama ile meza ya ukaguzi, nakagua kilichozidi tu. Kilichopungua sikukipima hata siku moja.

Mpime unayempenda. Si kwa kumvizia. Muulize tu, huku unamtazama machoni: "Bado upo?" Akikujibu ukweli, hata ukikuumiza, amekuheshimu.

Bado naamini upendo uliojaa upo. Mnicheke tu.

Wiki iliyopita nililifungua sanduku. Betri zote sita ni nzima, hakuna hata moja iliyovimba. Alizilaza vizuri mno.

Nikachukua moja, nikaichomeka kwenye chaja. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya namba zake, nikazitazama zikipanda mpaka mwisho.