Simu ya Siku ya Pili ya Idi

Siku tatu kabla ya Idi, soko la samaki la Sfax halina adabu. Olfa Sellami, muuguzi aliyetoka zamu miguu ikimwaka moto, alishika mkia wa samaki wa chumvi wa mwisho mezani. Mkono wa mtu mwingine ukamshika samaki huyohuyo kichwani.

"Kaka, achia."

"Dada, mwenye kichwa ndiye mwenye samaki."

"Sheria ya wapi hiyo?"

"Yangu. Nimeitunga sasa hivi."

Muuza samaki akawakemea: waoane au waondoke mezani kwake. Kijana alikuwa mrefu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, anacheka kwa macho. Aliitwa Ghazi Kammoun, fundi miwani. Walimgawana samaki yule, na baada ya miezi minane wakachumbiana.

Ghazi hakumficha kitu. Mdogo wake, Anis, alitorokea vitani Syria, akapotea hukohuko. Tangu hapo, kila jambo likitokea mjini, polisi walimwita Ghazi. Rafiki za Anis nao walichana bango la dukani kwake kwa sababu lilikuwa na picha ya mwanamke aliyeacha nywele wazi.

"Hawa wananiona gaidi, wale wananiona kafiri," alimwambia Olfa kwenye simu. "Wewe unanionaje, roho yangu?"

"Nakuona unanenepa."

"Tuoane haraka basi, kabla sijapasuka."

Kisha Olfa akapata kazi hospitalini Ujerumani. Walipanga atangulie, Ghazi afuate. Rahma, muuguzi mwenzake, ndiye aliyemtia hofu.

"Ubalozi watakupigia, shoga. Wakisikia mchumba wako ana ndugu Syria, viza huioni. Ukiulizwa, humjui."

"Nimkane mtu mzima?"

"Kwa dakika moja tu. Atakufa?"

Olfa alicheka, lakini maneno yakamkaa.

Siku ya Idi, Ghazi alimletea mchumba wake zawadi ya sikukuu, kama desturi inavyotaka: manukato na kitambaa cha hariri. Alivaa joho la buluu. Tangu adhuhuri hadi magharibi alikula na kutaniana na baba yake Olfa. Alasiri hiyohiyo, upande wa pili wa mji, watu wenye msimamo mkali walichoma duka la pombe.

Asubuhi ya siku ya pili ya Idi simu ya Olfa ikalia. Namba imefichwa.

"Olfa Sellami? Unamfahamu Ghazi Kammoun?" Sauti ya kiume, kavu, bila salamu.

Ndio hao ubalozi, Olfa aliwaza, kama Rahma alivyosema.

"Anasema jana alikuwa kwenu."

"Hapana," alisema Olfa. "Simjui."

Simu ikakatwa. Ubalozi gani unapiga simu siku ya Idi? Hakujiuliza. Alipumua, akampigia Ghazi amsimulie wacheke. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Jioni dada yake Ghazi alikuja analia: kaka yake amekamatwa. Olfa na baba yake walikimbilia kituoni. Afisa aliwasikiliza huku anakunywa kahawa.

"Asubuhi humjui, jioni ni mchumba wako. Nikuamini lini, binti?"

Ghazi alikaa ndani siku tisa, mpaka waliochoma duka walipopatikana.

Alipoachiwa, hakupokea simu za Olfa. Siku ya nne Olfa alivaa gauni la kijani ambalo Ghazi alilipenda, akaenda dukani. Alimkuta anasugua kioo. Amekonda, mkono wa kushoto umefungwa bandeji.

"Nilidhani ni ubalozi, Ghazi. Wallahi nilidhani ni ubalozi."

"Dada ameniambia."

"Nitukane basi."

"Sina tusi." Aliweka kioo chini. "Afisa aliweka simu kwa sauti kubwa, nisikie. Unajua nilimwambia nini kabla hujajibu? Nilimwambia, huyu hana subira, atakutukana. Nilikuwa nacheka, Olfa."

Olfa alishika meza.

"Viza siitaki tena. Tufunge ndoa kesho."

"Nenda ukafanye kazi yako. Nimekusamehe, kwa kweli. Lakini mimi nitaitwa tena, mwaka huu au mwakani. Siwezi kukaa mle nikisubiri wewe ujibu."

Akavua pete yake ya uchumba, akamwekea Olfa kiganjani, akakifunga kiganja chake taratibu kwa mikono yote miwili. Hapo mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja wa mtaani aliingia na miwani iliyovunjika, akamtazama Olfa anavyofuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Ghazi mwanangu, huyu binti ana nini? Unamjua?"

Ghazi alipokea miwani ya mzee, akaigeuza kwenye mwanga.

"Namjua, ammi," alisema. "Namjua sana."

Olfa alitoka nje. Afadhali angemkana.