Rejista ya Mwalimu Ormerod

Haki ya Mungu, nikiongeza neno moja hapa nipofuke macho yote mawili. Na hata nikiwa kipofu, barabara za Ulaya ninavyozijua, bado ningewafikisha. Miaka thelathini naendesha basi, na Lancashire nzima, hapa Uingereza, hakuna dereva wa kunifikia.

Mwaka juzi nilimpeleka Mwalimu Ormerod na wanafunzi thelathini na wawili Ufaransa, kule Somme, walikokwisha vijana wa mji wetu kwenye vita vya kwanza vya dunia. Mwalimu yule mama alikuwa na mtindo wake. Kila mwanafunzi anapewa kadi yenye jina la askari wa kwetu aliyezikwa pale. Wakishafika makaburini, anaita rejista ya marehemu, na mwenye kadi anaitika, "Nipo."

Ilikuwa asubuhi, jua kali. Akaita, "Albert Haslam."

Kadi hiyo alikuwa nayo Callum Whittle, kijana wa miaka kumi na minne, mtundu balaa. Sauti ikaitika "Nipo" kabla Callum hajafungua mdomo.

"Callum, siku hizi unaongea kwa tumbo?" mwenzake akamtania. Wakacheka. Callum hakucheka.

Tukarudi kwenye basi. Mwalimu akaita majina yao wenyewe, asije akaacha mtu.

"Callum Whittle."

Callum akabaki anatazama makaburi dirishani.

"Callum, sina muda wa mchezo."

"Huyo mmemwacha chini," akajibu, na ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye udongo kooni. "Mimi Haslam. Umeniita, nimeitika. Nirudishe kwetu, mwanamke."

Hapo ikaja harufu ya tope bichi na baruti, na maji mekundu yakaanza kutiririka kutoka kwenye viatu vya yule mtoto, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu, yakashuka ujiani mpaka kwenye pedeli zangu, na mimi niliyewahi kupiga wanaume wanane Brussels kwa mkono mmoja nikapanda juu ya kiti changu, maana kule makaburini, chini ya nyasi, nilimsikia Callum akimwita mama yake.

"Reg," mwalimu akaninong'oneza, "nimefanya nini?"

"Umepanga gwaride, Mwalimu, hukuwapa ruhusa watawanyike." Shule sikusoma, lakini babu yangu alikuwa sajini.

Mwalimu akarudi makaburini, mimi nyuma yake nimemshika yule mtoto mkono, wa baridi kama chuma. Akawaita wale askari mmoja mmoja: "Tawanyika, kapumzike." Thelathini na mmoja wakapumzika kwa amani. Alipofika kwa Haslam, yule mtoto akatema mate.

"Simtii anayekuja kulishia watoto sandwichi juu ya mifupa yangu. Nataka mwili. Chagua upi, na uharakishe, mwenzangu huko chini anaishiwa pumzi."

Kweli, sauti chini ya nyasi ilikuwa imebaki ya kukoroma.

Mwalimu akanitazama. "Miaka kumi na tisa nawaita hawa watu, Reg, ili wanangu wafaulu mtihani. Sikujiuliza hata siku moja kama wanasikia."

Akachukua ile kadi mkononi mwa mtoto. "Albert Haslam," akaita mwenyewe. Akaitika mwenyewe, "Nipo."

Callum akaanguka, akatapika udongo, akalia kama mtoto mchanga. Mzima kabisa.

Tukirudi, bandarini Calais, afisa wa pasipoti akaita, "Bi Ormerod." Hakugeuka. Akaita mara tatu. Nikamgusa bega.

"Endesha, dereva," akaniambia, udongo kooni. "Nimechoka kungoja."

Mpaka leo anafundisha. Mumewe Clive tunakunywa naye baa moja, na anashangaa mkewe siku hizi analala na viatu. Mimi namnunulia bia, nanyamaza. Na wewe nakuomba unyamaze, haya yaishie hapa. Ukimwambia Clive, atataka kujua miaka hii miwili analala na nani.