Diwani za Marehemu Masalu

Ilianza na chumvi.

Cecilia alikuwa jikoni anaonja mboga ya mchana, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Baba Glory, hebu nipe ile... ile."

"Ile ipi?"

"Ile nyeupe. Ya kutia kwenye mboga."

Ambrosi alicheka, akampa kopo. "Chumvi, Mama Glory. Umeanza kuzeeka kabla yangu?"

Cecilia hakucheka. Alilitazama lile kopo, midomo ikajaribu kulishika neno ikashindwa, akatia kijiko kwenye sufuria na kuendelea na kazi. Jikoni kulikuwa na harufu ya ugoro. Nyumbani mle hakuna aliyewahi kunusa ugoro, na Ambrosi alidhani umeletwa na upepo kutoka sokoni Kashaulili, ambako kwa kweli hakuna harufu inayokosekana.

Baada ya chumvi likaenda neno mlango. Likafuata mvua, tena mvua yenyewe ikiwa inapiga bati hadi watu hawasikilizani. Cecilia alisimama dirishani akanyoosha kidole nje, machozi yanamtoka. "Hii inaitwaje, Baba Glory? Niambie, hii inaitwaje?" Walikwenda hospitali, wakapewa vidonge na kuambiwa apumzike.

Msimu huo ndipo ilipotoka diwani ya pili ya marehemu Masalu Ngolo.

Ambrosi alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kila Jumamosi alizungumzia vitabu kwenye redio moja ya pale mjini. Watu wa Mpanda hawanunui vitabu kama wanavyonunua mabati, lakini hao wachache wanaonunua walimsikiliza yeye kwanza. Masalu alikuwa rafiki yake, Msukuma mfugaji wa Sibwesa aliyetunga mashairi akichunga na kunusa ugoro. Akiwa hai alitoa diwani moja tu, nyembamba, na tuseme ukweli, ya kawaida: ng'ombe, mvua, ng'ombe tena. Alipofariki mwaka juzi hakuna aliyetarajia nyingine. Ikaja, imeletwa mjini na mjane wake, Kabula, aliyesema mumewe aliacha kazi nyingi.

Ambrosi aliifungua bila tamaa. Vitabu vya marehemu huwa hivyo, ndugu wanakwangua sufuria wanauza ukoko. Akakutana na mashairi yaliyomtoa jasho. Aliyasoma harakaharaka, kurasa za katikati tu, Jumamosi ikawa imefika.

"Mwalimu," alisema Pacifique, mtangazaji, "wasikilizaji wanauliza. Hii diwani inafaa kununua kweli, au tunawachangia wafiwa tu?"

"Nunueni," alisema Ambrosi. "Masalu amekufa ndipo akajua kuandika."

Pacifique alicheka sana. Jioni ile dukani hakikubaki kitabu hata kimoja.

Kesho yake baada ya misa Ambrosi alikaa kibarazani akaisoma tangu jalada. Shairi la kwanza liliitwa Chumvi. La pili Mlango. La tatu Mvua. Akakimbilia la mwisho. Liliitwa Glory.

*Harufu ya maziwaye, kanga yake sijafua,*
*Nitatangulia miye, yenyewe itabakia.*

Glory alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa kabla ya kuota meno, na usiku wa mazishi Cecilia alimwambia mumewe kwamba ile kanga ya kumbebea hataifua, kwa sababu bado ina harufu ya maziwa, na harufu hiyo atakufa yeye aiache. Alimwambia Ambrosi peke yake, mdomo ukiwa sikioni mwake, na Ambrosi hakumwambia mtu. Sasa lilikuwa shairi, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba lilikuwa shairi zuri kuliko yote aliyowahi kusoma.

Aliingia ndani mbio. "Mama Glory, ile kanga ya Glory uliiweka wapi?"

Cecilia alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba. "Glory ni nani?"

Tangu siku hiyo Ambrosi akawa anawahi kutoka shuleni. Adhuhuri moja, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, alifika nyumbani akasikia mwanamume anazungumza jikoni, sauti ya chini yenye mkwaruzo, sauti aliyoijua, ya Masalu, akanyata ukutani huku harufu ya ugoro ikimpanda puani pamoja na harufu ya samadi iliyolowa, akachungulia, akamwona Cecilia ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, midomo inakwenda kasi kama ya mtu anayesali rozari, wala hakuna sauti inayomtoka, kwa sababu sauti ilikuwa inatoka mbele yake, pale penye kigoda cha miguu mitatu ambacho hakikuwa na mtu, na kigoda kilikuwa kinalia kidogokidogo, kwii, kwii, jinsi kinavyolia kigoda kikikaliwa na mtu mzito anayejiweka sawa.

Ambrosi alipiga kelele. Kila kitu kikanyamaza, na Cecilia akainuka akaosha vyombo.

Akamfuata Ng'washi, mganga wa Sitalike, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Ng'washi hakuingia jikoni. Alisimama kizingitini, akakiona kigoda, akarudi nyuma hatua.

"Mwalimu, hicho kiti ni cha nani?" alinong'ona.

Ambrosi akaeleza. Yeye ni Mfipa, Masalu Msukuma, na walitaniana maisha yao yote. Siku ya maziko alifanya kama watani wanavyofanya. Alinyakua kigoda cha marehemu, akakiweka ukingoni mwa kaburi, akakikalia, akazuia maziko yasiendelee mpaka wafiwa wakikomboe. Akamsema maiti mbele za watu: "Masalu, mvivu wewe! Umeandika kidiwani kimoja chembamba, unajilaza! Kwangu kuna nafasi. Njoo umalizie!" Watu walicheka, hata Kabula alicheka na kilio chake. Wakati wanatafuta cha kukombolea, mvua kubwa ikashuka, wakafukia haraka, kila mtu akakimbia kivyake. Ambrosi alirudi mjini kwenye bodaboda, kigoda mapajani.

"Hawakukikomboa?"

"Hawakukikomboa."

"Na wewe hukusema yale maneno ya mwisho? Kwamba umemtania tu, alale?"

"Mama, mvua ilikuwa kubwa."

Ng'washi alijifunga kanga vizuri kifuani. "Masalu amelala zake. Marehemu hana shida na wewe. Lakini makaburini wapo wengine wanaosikiliza, na umemkaribisha mmojawapo mchana kweupe, kwa sauti kubwa, ukiwa umekalia kiti cha marehemu. Hilo ni jini. Limevaa sauti ya rafiki yako. Halina maneno yake lenyewe, ndiyo maana linakula ya mwenye nyumba."

"Litoe. Nitafanya lolote."

"Mimi siwezi kulitoa. Kigoda kikombolewe na mjane, kwa mkono wake, hata kwa konzi ya unga. Halafu useme yale maneno. Na usikichome moto, Mwalimu. Ukikichoma, litahamia kwa mkeo moja kwa moja."

Kesho yake Ambrosi alikwenda Sibwesa, kigoda kimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Alimkuta Kabula anapeta mahindi uani, kanenepa, kapaka mafuta, kavaa gauni jipya. Mwanamke aliyefiwa mwaka juzi alikuwa anang'aa kama bibi harusi.

"Mwadila, mtani," Kabula alimsalimu kwa Kisukuma. Kisha akakiona kigoda, na ungo ukasimama mikononi.

Ambrosi alimweleza yote, juu ya chumvi, mvua, mtoto. Mwisho alipiga magoti kwenye makapi. "Shemeji, nipe konzi ya unga tu. Nakuomba. Mke wangu anakwisha."

Kabula alikitazama kigoda. "Anakuja mchana," alisema, sauti imeshuka. "Jua likishapinduka. Anakaa hapo kwenye kinu, ananisomea, mimi naandika. Akimaliza ananiuliza nimekula nini. Nyie mlirudi mjini siku ile. Mimi nilibaki kwenye nyumba hii na ukimya wake. Mnajua nyie ukimya?"

"Siyo yeye, Kabula."

"Najua siyo yeye."

Ambrosi aliinuka, makapi yamemganda magotini.

"Nimeishi naye tangu msichana, nitakosa kujua?" Kabula aliendelea kupeta, machozi yakidondokea mahindi. "Lakini ananiita kwa sauti yake. Nikikupa huo unga, nafiwa tena. Samahani, shemeji. Mwenzio siwezi."

Ambrosi alikitupa kigoda pale uani, akasema maneno yake hivyohivyo, "Nimekutania tu, Masalu, lala," akayarudia mpaka sauti ikakauka, akapanda pikipiki bila kugeuka. Vumbi la njia nzima lilinuka ugoro. Alipofungua mlango wake, akapita sebuleni akimwita mkewe na kujiambia kwamba kimya kile ni cha usingizi tu, kwamba amechoka amejilaza, kwamba ataamka aombe chumvi, alifika jikoni akakiona kigoda mahali pake, miguu ina makapi ya mahindi ya Sibwesa, na Cecilia sakafuni kando yake, kakilazia kichwa.

Maneno yaliyobaki yalikwenda upesi. Likaenda neno maji, akawa anashika koo akiwa na kiu. Likaenda jina la mama yake. La mwisho lilikuwa Ambrosi. Cecilia alimgusa mumewe shavu siku hiyo, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Hakusema tena kitu, wala kilio chake hakikuwa na sauti.

Diwani ya tatu ilipofika dukani, Ambrosi aliapa hatainunua. Aliapa pia atawaambia watu wote wasiinunue, aiseme redioni, hata wakimwita kichaa. Alipita pale dukani akitazama upande wa pili wa barabara. Alifika kwenye kona, akasimama. Ile nyumba aliyokuwa anairudia haikuwa na neno hata moja ndani yake. Neno maji lilikuwa dukani. Jina lake mwenyewe, kama Cecilia alivyolitamka, lilikuwa dukani, limefungwa kwenye nailoni. Akarudi, akanunua.

Mchana ule alikaa sakafuni karibu na mkewe, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti. Alikuwa na tumaini dogo la kijinga kwamba maneno yakisomwa yatamrudia mkewe. Cecilia alimsikiliza kwa adabu, kama anasikiliza habari za watu wa mbali. Ambrosi alisoma Maji. Akasoma Mama. Alipofika kwenye shairi lenye jina lake, aliacha kusoma, akajifunika uso kwa kitabu.

Kigoda kikalia, kwii.

"Endelea, Baba Glory."

Haikuwa sauti ya Masalu. Ilikuwa ya Cecilia, nzima, na kale kacheko kake ka mwisho wa sentensi. Midomo ya Cecilia ilikuwa imefumba. Ambrosi alimtazama mkewe, kisha akakitazama kigoda kitupu, na Mungu amsamehe, alikisogelea kigoda. Akafungua ukurasa, akaendelea kukisomea, ili sauti ile isinyamaze.

Jumamosi ile Pacifique alimuuliza kama diwani ya tatu nayo inafaa kununuliwa. Ambrosi alisema inafaa. Alisema wanunue kwa wingi, ili ya nne iwahi kutoka.